Kutoka Cyclops hadi Hawk-Eye: Mashine zilizomng'oa mwamuzi wa mstari Wimbledon

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalipofunguliwa Juni 30, 2025, mtazamaji wa miaka mingi aliliona pengo mapema. Wale watu waliozoea kusimama pembezoni mwa uwanja, wameinama, mikono magotini, kila mmoja macho yake kwenye mstari wake, hawakuwapo. Baada ya miaka 147 klabu inayoandaa mashindano hayo iliamua kazi yao ifanywe na mtambo.

Kila mwaka walikuwa wakihudumu waamuzi wa mstari wapatao 300, hadi tisa kwa mechi moja kubwa, wamependeza katika sare za Ralph Lauren. Themanini hivi walibakizwa kama wasaidizi wa mechi, wawe akiba mtambo ukizimika na wawasindikize wachezaji wanapotoka uwanjani. Sauti inayopaza kwamba mpira umetoka nje sasa ni ya kurekodiwa. Na wiki ya kwanza haikuisha kabla mtambo wenyewe haujazua balaa katika uwanja mkuu, balaa ambalo halieleweki bila kurudi nyuma kidogo.

Majaribio ya kumsaidia mwamuzi kwa umeme ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1974, kwenye mashindano ya WCT mjini Dallas, Marekani, vilijaribiwa vihisi vya mgandamizo vilivyotandazwa chini kando ya mistari. Havikudumu. Kilichodumu ni Cyclops, kilichobuniwa na Bill Carlton na kuingia Wimbledon mwaka 1980. Kilikuwa kisanduku kilichowekwa kando ya uwanja, kinarusha miali ya infraredi sentimita moja hivi juu ya nyasi, sambamba na mstari wa sevu. Mpira wa sevu ukipita mstari unakata mwali, kisanduku kinalia "bip". Kilijua hilo tu. Mistari mingine yote ilibaki kwa binadamu, na hata Cyclops chenyewe kilihitaji mtu wa kukiwasha kabla ya kila sevu na kukizima baadaye.

Mwaka mmoja baada ya kisanduku hicho kuingia ndipo John McEnroe, katika raundi ya kwanza ya Wimbledon 1981 dhidi ya Tom Gullikson, alipomfokea mwamuzi Edward James kwamba hawezi kuwa anasema kweli, chaki imeruka na uwanja mzima unajua mpira ulikuwa ndani. Picha hiyo imerudiwa mara nyingi mno kwenye televisheni, na watu wameicheka. Mimi naona hoja yake ilikuwa nzito: mchezaji ameona mpira wake umegusa mstari, na hana pa kupeleka shauri.

Usiku uliobadilisha mambo ulikuja New York, Septemba 7, 2004, robo fainali ya US Open kati ya Serena Williams na Jennifer Capriati. Kila mmoja ameshinda seti moja. Gemu ya kwanza ya seti ya tatu, Serena anapiga sevu, matokeo ni 40-40. Akapiga bekihendi iliyotua ndani, tena kwa nafasi ya kutosha. Mwamuzi wa mstari, aliyekuwa karibu kabisa, aliukubali mpira. Lakini mwamuzi mkuu, Mariana Alves wa Ureno, akiwa juu ya kiti chake upande wa pili wa uwanja, akatengua uamuzi huo na kumpa pointi Capriati.

Serena mwanzoni hakuelewa. Alidhani pointi ni yake na matokeo yametangazwa kimakosa. Alipong'amua, alikwenda hadi kwenye kiti, akaonyesha kwa mkono mahali mpira ulipotua, akasisitiza kwamba ulikuwa ndani. Haikusaidia kitu. Akaipoteza gemu ile, na kabla mechi haijaisha mipira yake mingine ilihukumiwa nje huku picha za marudio zikionyesha imegusa mstari. Capriati akashinda 2-6, 6-4, 6-4.

Mamilioni ya watu majumbani waliuona ukweli ndani ya sekunde chache, kwa kuwa televisheni ilikuwa tayari na teknolojia ya kuufuatilia mpira. Watu wachache waliozuiwa kuuona ni wale walioketi au kusimama katikati ya uwanja: mwamuzi na wachezaji wawili. Serena alisema anahisi ameibiwa. Wakuu wa mashindano wakamwomba radhi, na Alves hakupangiwa mechi nyingine katika mashindano yale. Radhi hiyo haikumrudisha Serena kwenye nusu fainali.

Teknolojia iliyokuwa ikingoja mlangoni ilikuwa Hawk-Eye, kazi ya Mwingereza Paul Hawkins na wenzake katika maabara ya Roke Manor, Hampshire. Ilianzia kwenye kriketi: Mei 2001, katika mechi ya England na Pakistan uwanjani Lord's, ikarushwa na Channel 4. Kwenye tenisi, kamera kama 10 za kasi hufungwa juu kuzunguka uwanja. Kila moja inauona mpira kwa pembe yake. Kompyuta inaziunganisha pembe hizo, inapata mahali mpira ulipo angani, inachora njia yake yote, kisha inakokotoa alama ambayo mpira umeiacha chini baada ya kubonyea na kuteleza.

Hapa pana jambo ambalo watangazaji wengi hulipitia juu juu. Ile picha ya doa karibu na mstari inayoonekana kwenye skrini kubwa ni hesabu iliyochorwa, na si picha iliyopigwa. Miaka ile ya mwanzo kampuni yenyewe ilitaja wastani wa kukosea wa milimita 3.6. Ni kiasi kidogo sana kwa mpira wenye kipenyo cha karibu milimita 67, lakini kipo.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliupitisha mtambo mwaka 2005, na Machi 2006 mjini Miami, Jamea Jackson akawa mchezaji wa kwanza wa mashindano ya ATP na WTA kuutumia kupinga uamuzi. US Open ikafuata mwaka huohuo, Wimbledon mwaka 2007. Katika fainali ya Wimbledon mwaka huo Roger Federer alikasirika hadi akamwomba mwamuzi Carlos Ramos auzime, baada ya mpira wa Rafael Nadal alioamini umetoka kuonyeshwa umegusa mstari. Mtambo haukuzimwa, na Federer akatwaa kombe.

Kwa maoni yangu miaka iliyofuata ndiyo tenisi ilipopata haki yake iliyo bora. Mwamuzi wa mstari anahukumu, mchezaji anakata rufaa kwa kuinua kidole au raketi, anapewa rufaa tatu kwa kila seti, uwanja mzima unapiga makofi ya mdundo huku picha ikisogea, na mtambo unakata shauri. Mkenya Angella Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipotwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon 2022, kwa 11-9 katika pointi za mwisho, waamuzi wa mstari walikuwa bado sehemu ya mashindano yale.

Sony iliinunua Hawk-Eye mwaka 2011. Janga la korona likapunguza watu viwanjani, na Australian Open ya 2021 ikaendeshwa bila mwamuzi wa mstari hata mmoja. Roland Garros, kwenye udongo mwekundu ambako mpira unaacha alama yake, bado ilitumia binadamu mwaka 2025.

Sasa turudi Wimbledon, Julai 6, 2025. Anastasia Pavlyuchenkova anacheza na Mwingereza Sonay Kartal, seti ya kwanza 4-4, Pavlyuchenkova amebakiza pointi moja aitwae gemu. Mpira wa Kartal ukatoka nje waziwazi. Sauti ikakaa kimya: mtambo ulikuwa umezimwa kimakosa upande ule. Mwamuzi Nico Helwerth akasimamisha mchezo, akapiga simu, kisha akaamuru pointi irudiwe. Kartal akaitwaa pointi, kisha gemu. Pavlyuchenkova akamwambia mwamuzi kwamba ameibiwa gemu, neno lilelile la Serena miaka 21 nyuma. Kwa bahati alishinda mechi, 7-6, 6-4.

Klabu iliomba radhi na kuwaondolea waendeshaji uwezo wa kuuzima mtambo kwa mkono mechi ikiendelea. Hilo linaziba tundu moja. Pavlyuchenkova hakuwa na rufaa ya kukata, kwa sababu rufaa iliondoka pamoja na waamuzi 300, na mtu aliyeketi kwenye kiti, aliyekuwa na mamlaka ya kutamka kwamba mpira umetoka, alisubiri simu imwambie. Klabu yenye uwezo wa kufunga kamera katika viwanja vyake vyote haishindwi kumrudishia mchezaji rufaa hata moja kwa seti, ya kuonyeshwa picha halisi ya televisheni.