Bustani ya Selborne na Siri ya Mbayuwayu

Mtu aketiye barazani kwake asubuhi, kikombe mkononi, akamtazama chozi akinyonya utamu wa ua la mgomba, hasemwi kuwa anafanya kazi. Aghalabu husemwa kuwa amekosa kazi. Mimi nimesemwa hivyo na watu wa nyumbani mwangu mara nyingi, wala sina hoja ya kujitetea ila moja: kwamba mtu mmoja aliyeyafanya hayo kwa miaka zaidi ya 40, bila ya haraka na bila ya kutoka sana kijijini kwake, aliufungua mlango mkubwa wa elimu ya viumbe. Mlango mwingine, uliokuwa mbele ya macho yake kila mwaka, ulimshinda. Ufunguo wake ulikuwa huku kwetu Afrika.

Mtu huyo ni Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Alisoma Oxford akawa kasisi, lakini hakukimbilia vyeo. Alipenda kukaa katika nyumba ya jamaa zake, na nyumba hiyo ilikuwa na bustani. Mwaka 1751 alianza kuandika daftari la bustani. Mambo yake ya kwanza ni ya mkulima tu: siku aliyopanda matango, samadi aliyoilaza chini ya matikiti ili yapate joto, mvua na baridi. Ndege waliingia daftarini kidogo kidogo, kama wageni wasiopiga hodi. Hata ilipofika mwaka 1768, Daines Barrington, mwanasheria aliyependa elimu ya viumbe, alimpa daftari lililopigwa chapa, lenye safu za tarehe, upepo, joto, mimea na ndege. White alilijaza daftari la namna hiyo kila mwaka hata siku chache kabla ya kufa kwake, Juni 1793. Barua alizomwandikia Barrington, na nyingine alizomwandikia Thomas Pennant, zilifanywa kitabu mwaka 1789. Kitabu hicho kimepigwa chapa mara nyingi mno tangu hapo, na wasomaji wake wengi si wataalamu hata kidogo.

Hakuwa na darubini kama hizi tunazozitundika shingoni leo. Chombo chake kikubwa kilikuwa sikio. Palikuwa na ndege wadogo, wa rangi ya majani yaliyoanza kukauka, ambao wenziwe waliwahesabu kuwa aina moja, maana mtu akiwatazama mtini hawezi kuwabagua. White aliwasikiliza. Mmoja aliimba sauti mbili tu, akizirudia kama mtu agongaye chuma. Wa pili alishusha wimbo wake taratibu, kama maji yanayomiminika. Wa tatu alitetemesha sauti kileleni mwa miti mirefu. Mwaka 1768 alimwandikia Pennant kuwa hao ni ndege wa aina tatu. Alisema kweli, na elimu ya leo inawahesabu watatu. Jambo hili halikuhitaji safari wala fedha. Lilihitaji mtu atakayerudi mahali pale pale, masika baada ya masika, bila ya kuchoka.

Lakini mbayuwayu walimtia mashakani maisha yake yote. Kila mwaka, mnamo mwezi wa Aprili, walitokea juu ya kijiji chake. Wakajenga viota vya udongo katika mabanda na chini ya mapaa, wakalea makinda. Kisha baridi ikikaribia wakatoweka. Walikwenda wapi? Aristotle alikuwa ameandika zamani sana kuwa wako wanaojificha mashimoni, wamenyonyoka manyoya. Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, aliandika mwaka 1555 kuwa wavuvi wa nchi za kaskazini huwavua kwa nyavu kutoka chini ya maji, wameshikamana kama mkungu. Barrington mwenyewe hakuamini kuwa ndege mdogo hivyo aweza kuvuka bahari. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Nani angalimlaumu?

White alikuwa na nyoyo mbili. Ndugu yake, John, alikuwa kasisi Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zinatazamana, na alimwarifu kuwa mbayuwayu huuvuka mlango ule wa bahari kwa majira, kwenda na kurudi. White aliikubali habari hiyo. Hata hivyo, macho yake yalimletea ushahidi mwingine. Baadhi ya miaka aliona mbayuwayu wachache wakiruka siku moja yenye jua katika mwezi wa Novemba, majuma kadhaa baada ya wenzao kutoweka. Akajiuliza, hawa wametoka wapi kama si mafichoni karibu? Mwaka 1781 aliwakodi watu wakaichokoa miteremko yenye vichaka karibu na kijiji, shimo kwa shimo, wakimtafuta mbayuwayu aliyelala. Hawakumpata hata mmoja. Pamoja na hayo, hakuiacha dhana yake.

Nadhani kobe alishiriki katika kosa hili. Shangazi yake White alikuwa na kobe aliyeitwa Timothy, ambaye kila mwaka baridi ikianza alijichimbia ardhini akalala hata joto lirudi. Shangazi alipokufa, mwaka 1780, White alimfukua kobe, akamchukua kwa gari la farasi mwendo wa kilomita 130 hivi, akamtia katika bustani yake mwenyewe. (Baada ya kufa kwake ilijulikana kuwa Timothy alikuwa jike.) Mtu akiona kila mwaka kiumbe mmoja akizama udongoni na kufufuka, si ajabu kumdhania hivyo na mwingine aliyetoweka majira yayo hayo. Bustani ilimfundisha White mengi, na bustani hiyo hiyo ilimdanganya, kwa kuwa ilikuwa na ua, na mbayuwayu hana ua.

Nalo neno la Afrika lilikuwa limekwisha kusemwa. Michel Adanson, Mfaransa aliyekaa Senegal tangu mwaka 1749 hata 1753, aliandika kuwa mbayuwayu wanne walitua juu ya merikebu yake karibu na pwani ile, akawatambua kuwa ni wale wale wa Ulaya. Tena akasema kuwa huko huonekana wakati wa baridi ya Ulaya tu, wala hawajengi viota. Hili ndilo jawabu lililotafutwa. Barrington alilikataa: alisema ndege hao hawakuwa wakivuka bahari, bali walikuwa wakiruka kutoka rasi hata rasi. Ushahidi wa wavuvi wa chini ya barafu ulikuwa umepata wasomi wa kuusadiki. Ushahidi wa mtu aliyesimama Afrika ukapingwa. Sisemi kuwa ni dharau tu. Lakini sisemi kuwa dharau haikuwamo.

Miaka ile White alipokuwa akichokoa vichaka, mbayuwayu aliowatafuta walikuwa wakiwinda wadudu katika anga ya bara hili. Upande wetu wa mashariki huja tangu Septemba, mvua za vuli zikikaribia, na hurudi kwao mnamo Machi na Aprili. Mkulima yeyote wa mpunga aliyeinua macho angaliweza kusema: hawa ni wageni, hawatagi hapa. Hakuna aliyemwuliza. Lakini ni haki kuongeza kuwa nasi hatukumwandika. Washairi wetu waliwaona ndege wa majumbani. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaonyesha makinda ya ndege yamelala katika madaka ya nyumba za Pate, palipokuwa zamani na vyombo vya fahari. Jicho lake lilikuwa kali kama la White. Ila yeye alimwona ndege akaiona dunia inayopita. Hakuwa na sababu ya kuandika tarehe.

Mengine yalikuja baadaye. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umempita shingoni. Aliruka nao kutoka huku hata kwao, na mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Mwindaji wa Afrika, bila ya kukusudia, alikuwa amepeleka barua. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Mei 1911 John Masefield alimvisha pete mbayuwayu nyumbani kwake Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 mbayuwayu huyo alipatikana katika shamba la Natal, Afrika Kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 10,000. Kitabu cha White kilikuwa na umri wa miaka 123. Na tangu mwaka 1969 ndege wahamaji wanavishwa pete Ngulia, katika Tsavo nchini Kenya, usiku wa ukungu ambapo taa huwavuta chini. Wengine wamepatikana baadaye Ulaya na Mashariki ya Kati. Sasa barua zinapelekwa kutoka pande zote mbili.

Nami nina daftari la bei rahisi, nusu yake hesabu za duka. Chozi, shore na tetere wamo kila ukurasa, kwa kuwa ni wenyeji. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo jekundu la kutu na mkia wa panda ndefu, nimejifunza kumbagua na jamaa zake wa hapa, ambao lugha yetu inawaita wote kwa jina moja. Mwaka huu wa mwisho niliowaona walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga juu ya waya wa umeme, asubuhi ya mvua ya kwanza ya masika. Niliandika tarehe. Kesho yake waya ulikuwa mtupu, nikaliandika na hilo.