Leseni Inayohesabu Viini

Mwaka 1996 wachunguzi wa programu nchini Marekani walionyesha kwamba Windows NT ya seva na ile ya kompyuta za mezani zilikuwa na moyo mmoja. Zilitofautishwa na mipangilio michache tu, ilhali bei zake zilipishana kwa mamia ya dola. Idadi ya prosesa zilizoruhusiwa haikuwekwa na uwezo wa mtambo. Iliwekwa na mwenye kuuza.

Prosesa zenye viini viwili, yaani vikokotozi viwili ndani ya prosesa moja, zilipokaribia kuingia sokoni, Microsoft ilitangaza Oktoba 2004 kuwa ingetoza kwa prosesa, si kwa kiini. Oracle, kwa upande wake, ilihesabu viini. Katika mifumo endeshi ya seva, msimamo wa Microsoft ulidumu hadi toleo la 2016, ambapo kipimo kiligeuzwa kuwa kiini: angalau 8 kwa kila prosesa, na 16 kwa kila seva.

Tuseme idara ndogo ina seva ya viini 4. Italipia 16. Afisa manunuzi aliyeandika katika zabuni “seva moja”, bila kutaja viini, amesaini asichokihesabu, na fedha ni za umma.