WALICHOKA NYUMBA ZA KUPANGA, WAKAJENGA YAO

Hadithi za wanaume wanaopendana hazikuanzia kwenye intaneti, wadau. Mwaka 1974 mashabiki wa tamthilia ya Star Trek, wengi wao wanawake, walianza kuchapa mapenzi ya Kirk na Spock kwenye vijarida vyao na kutumiana kwa posta. Malipo hakuna, na wengi walijificha kwenye majina ya bandia.

Intaneti ilipokuja wakahamia huko, ila kwenye nyumba za watu. Mwaka 2007 LiveJournal ikafungia mamia ya kurasa kwa mkupuo. Nyingi zilirudishwa baadaye, lakini hofu ikabaki. Mwaka huohuo mashabiki waliochoka kutegemea makampuni wakaunda taasisi yao, na 2009 wakafungua Archive of Our Own, maktaba isiyo na matangazo, inayoishi kwa michango. Mwaka 2019 ikabeba Tuzo ya Hugo.

Anayetaka kusoma aanzie humo, ni bure. Atafute lebo ya M/M, na mashairi pia yamo. Aangalie kwanza onyo la umri. Zipo mbovu kibao, lakini zipo za kumkesha mtu. Akimaliza amwachie mwandishi neno la asante, maana mshahara wake ndio huo tu.