Umepasuliwa mara mbili, tatu au nne: je, ubebe mimba nyingine?

Swali hili akina mama wengi huuliza kliniki ikiwa imeshaisha, wamesimama mlangoni na mtoto mgongoni: "Nesi, mimi nimeshafanyiwa oparesheni tatu. Nikibeba tena nitakufa?" Mmoja ameambiwa na jirani kwamba mwisho ni tatu. Mwingine ameambiwa hivyo na daktari siku ya kuruhusiwa, kwa haraka, bila maelezo. Mwingine ana watoto wa kike watupu na nyumbani wanamsubiri alete wa kiume. Na yupo ambaye amepasuliwa mara tatu lakini mtoto aliye hai ni mmoja tu. Huyu swali lake si sawa na la wenzake, hata kama namba ni ileile.

Ukurasa huu haukuambii uzae au usizae. Unakueleza unachotakiwa kujua kabla ya kuamua, na cha kufanya baada ya kuamua.

Je, ni kweli mwisho ni mara tatu?

Hakuna namba moja iliyowekwa kwa wanawake wote. Wapo waliopasuliwa mara tano wakarudi nyumbani salama, na wapo waliopata matatizo makubwa mara ya pili. Lakini hatari haibaki palepale. Kila upasuaji huiongeza, na kuanzia wa nne inapanda zaidi. Ndiyo maana wahudumu wengi hushauri kuishia wa tatu. Ni ushauri wenye sababu, ila si sheria, na mama anastahili kuelezwa hiyo sababu badala ya kutishwa.

Kinachotokea ndani ya tumbo

Kizazi kikikatwa na kushonwa, hupona kwa kovu. Kovu si imara kama nyama ya mwanzo. Mimba inapokua, na hasa uchungu unapoanza, kovu linaweza kuachia na kizazi kikachanika. Hapo mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache na mama huvuja damu tumboni, pengine bila damu nyingi kuonekana nje.

Jambo la pili ni mshikamano. Baada ya upasuaji, kizazi, kibofu cha mkojo, utumbo na ukuta wa tumbo vinaweza kugandana. Wewe unaweza usihisi chochote. Daktari ndiye anayekutana nayo siku ya upasuaji unaofuata: kazi inachukua muda mrefu, damu inapotea zaidi, na kibofu au utumbo unaweza kujeruhiwa wakati wa kuuachanisha.

La tatu ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote, na ndilo ambalo akina mama wengi hawajawahi kulisikia: kondo la nyuma. Kwa kawaida kondo hujishika sehemu ya juu ya kizazi na hubanduka lenyewe mtoto akishatoka. Kwenye kizazi chenye makovu, kondo linaweza kukaa chini, likafunika mlango wa kizazi. Likikaa juu ya kovu, linaweza kuzama ndani ya ukuta wa kizazi kama mizizi. Kondo la namna hiyo halibanduki. Ukilivuta, damu inatoka kama bomba lililopasuka, na mara nyingi njia ya kuokoa maisha ya mama ni kuondoa kizazi chote.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 30,000, ulionyesha jinsi hatari hii inavyopanda. Katika kila wanawake 1,000 waliokuwa wanapasuliwa mara ya tatu, kama 6 walikutwa na kondo lililozama. Mara ya nne walikuwa kama 21. Mara ya sita au zaidi, kama 67. Walioondolewa kizazi walikuwa 9 kwa kila 1,000 mara ya tatu, 24 mara ya nne, na 90 mara ya sita au zaidi.

Zisome namba hizo pande zote mbili. Mara ya nne, wengi zaidi ya 970 kati ya 1,000 hawakupoteza kizazi. Hivyo anayekuambia "utakufa tu" hasemi kweli. Lakini wanawake hao walijifungulia hospitali kubwa, zenye damu ya kutosha na madaktari bingwa waliokuwa karibu. Kama wewe unaishi mahali ambapo gari la wagonjwa linachukua saa tatu kufika, au hospitali yako hukosa damu mara kwa mara, hatari ileile kwako ni kubwa zaidi. Umbali kutoka kwako hadi kwenye damu na chumba cha upasuaji ni sehemu ya uamuzi huu, wala si jambo la kufikiria baadaye.

Tafuta taarifa zako kwanza

Kovu la ngozi halisemi kizazi kilikatwaje. Unaweza kuwa na mshono wa kulala chini ya kitovu, karibu na nywele, na ndani kizazi kilikatwa wima. Mkato wa kulala sehemu ya chini ya kizazi ndio wa kawaida na ndio wenye nafuu. Mkato wa wima unaopanda juu una hatari kubwa zaidi ya kuchanika, hata kabla ya uchungu kuanza.

Kwa hiyo tafuta kadi zako za kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitali. Kama zimepotea, rudi ulikojifungulia uombe maelezo kutoka kwenye faili. Uliza kizazi kilikatwaje, kwa nini ulipasuliwa kila mara, kama kulikuwa na mshikamano, kama kondo lilisumbua kutoka, na kama uliongezewa damu. Ukipata karatasi, ipige picha kwa simu, na umtumie mtu unayemwamini. Nimeshuhudia mama anafika usiku akiwa hana hata kadi, anajua tu kwamba "waliniambia nisizae tena". Sentensi hiyo haimsaidii daktari wa zamu kitu chochote.

Halafu nenda ukaonane na daktari, bingwa wa wanawake akipatikana, kabla ya kubeba mimba. Nenda na mwenzako. Maneno ambayo mume ameyasikia mwenyewe hospitalini huna haja ya kuyabeba peke yako mpaka nyumbani, wala kubishana nayo mbele ya mama mkwe.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo ubebe mimba nyingine. Kwa mwenye kovu, mimba ya harakaharaka huongeza uwezekano wa kovu kuachia. Tumia muda huo pia kupima damu na kutibu upungufu. Mama mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza mezani.

Maneno ya nyumbani

Mara nyingi anayetaka mtoto wa nne si anayepasuliwa. Nasema hivi bila kuwalaumu akina baba. Wengi hawajawahi kuelezwa. Jaribu kuanza na watoto mlio nao: nani atawalea kwa miezi miwili au mitatu nikiwa siwezi kuinua ndoo ya maji? Nani atawalea nikibaki huko? Maswali hayo husikika vizuri zaidi kuliko mabishano kuhusu nani anataka na nani hataki. Na kama mtoto wa kiume ndiye anayesubiriwa, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia. Kukupasua tena hakubadilishi hilo.

Kama wewe mwenyewe ndiye unayetamani mtoto mwingine, usione aibu kumwambia mhudumu. Ukificha, utakuja kliniki ukiwa na mimba ya miezi saba kwa kuogopa kugombezwa, na huo ndio ucheleweshaji unaoua.

Ukiamua kuishia hapo

Kuamua tu hakuzuii mimba. Kipandikizi, yaani vijiti vya mkononi, hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi, na kinaweza kuwekwa palepale wakati wa upasuaji. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa miezi 6 ya kwanza tu, tena ukinyonyesha maziwa ya mama pekee usiku na mchana na hedhi haijarudi. Mwanaume naye anaweza kufungwa mirija. Ni upasuaji mdogo kuliko wako, na haumwondolei nguvu za kiume. Mtumie njia nyingine kwa miezi 3 ya mwanzo.

Kufunga kizazi kunaweza kufanywa wakati huohuo wa upasuaji, lakini ni kwa kudumu. Lizungumze kliniki mapema, ukiwa umetulia. Usikubali kuamua kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye uchungu, karatasi imewekwa mbele yako. Na usikubali kuambiwa ni lazima.

Ukiamua kubeba, au tayari una mimba

Anza kliniki mara tu unapojua, usisubiri tumbo lionekane. Kwenye hudhurio la kwanza taja idadi ya upasuaji wako hata kama hujaulizwa. Omba kipimo cha ultrasaundi mapema, maana mara chache mimba hujishika ndani ya kovu lenyewe na inatakiwa igundulike mapema. Kipimo kingine baadaye kiangalie swali hili moja: kondo limekaa wapi? Katika utafiti ule, wanawake waliokuwa wanapasuliwa mara ya tatu huku kondo limefunika mlango wa kizazi, 40 kati ya kila 100 walikuwa na kondo lililozama. Mara ya nne walikuwa 61. Ukikutwa nalo, hospitali ya wilaya inaweza isitoshe. Omba rufaa mapema na ujue tarehe ya upasuaji wako, ambayo huenda ikawa kabla ya miezi tisa kutimia.

Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku na ulale kwenye chandarua. Ndugu wawili au watatu wachangie damu kabla. Kama unaishi mbali, sogea karibu na hospitali wiki chache kabla ya tarehe, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo.

Usijaribu uchungu nyumbani wala zahanati. Baada ya upasuaji mmoja, baadhi ya akina mama hujifungua kawaida wakiwa hospitalini chini ya uangalizi. Baada ya mitatu hilo si jambo la kujaribu. Usinywe dawa za mitishamba za kuongeza uchungu na usikandwe tumbo na mtu yeyote, hata awe bibi yako mwenyewe.

Nenda hospitali saa hiyohiyo ukiona damu, hata kidogo na hata kama haiumi; damu isiyo na maumivu ndiyo dalili ya kondo lililokaa chini. Nenda pia ukisikia maumivu kwenye kovu yasiyoachia, tumbo likibadilika umbo, maji yakimwagika, mtoto akipunguza kucheza, au ukipata kizunguzungu na jasho la baridi. Usisubiri kupambazuke, na usisubiri baba arudi kazini. Ukifika getini, neno la kwanza liwe idadi ya upasuaji wako.