Kwa nini tuliandika "xaxa": historia ya butoni ya 7

Bandugu wasomi, kuna lawama moja ambayo kizazi chetu kimeisikia tangu sekondari: kwamba sisi njo tulioharibu Kiswahili, kwa kuandika "xaxa", "xana", "cjui", "2taonana". Walimu waliikata kwa biki nyekundu, wazee wakasema ni uvivu. Mimi nimesoma agronomia, sikusoma lugha. Lakini kwetu tunafundishwa kwamba mmea ukiota vibaya, kabla ya kulaumu mbegu, angalia udongo. Na udongo wa "xaxa" ni simu ya butoni, ile ya tochi na ile ya kufunika na kufunua.

Chukua simu ya namna ile, kama ingali nyumbani. Kwenye 2 kuna ABC, kwenye 3 DEF, hivyo hivyo mpaka 9. Ukitaka A unabonyeza 2 mara moja, B mara mbili, C mara tatu. Sasa angalia 7: PQRS. Herufi nne. S ni ya mwisho, kwa hiyo kila S unayoandika ni mibonyezo minne. Na 9 ni WXYZ, Z nayo ni minne. Fikiria Kiswahili bila S na Z! Sasa, sisi, siku, samaki, soko, pesa, kazi, mzee, Fizi, Kazimia.

Juu ya nini S iliwekwa mbali hivyo? Jibu liko Marekani, miaka zaidi ya mia moja nyuma. Mwaka 1917, W. G. Blauvelt wa kampuni ya AT&T alipanga herufi kwenye gurudumu la simu za kuzungusha, ili watu wakumbuke namba kwa kutumia majina ya vituo vya simu. Namba 1 na 0 ziliachwa kwa kazi nyingine, zikabaki namba nane, kila moja herufi tatu: jumla 24. Alfabeti ina 26. Kwa hiyo Q na Z zikatolewa, juu wao hawakuzihitaji sana. Wakati ule 7 ilikuwa PRS tu, S ikiwa ya tatu. Miaka mingi baadaye Q na Z zilirudishwa, Q ikapenyezwa kati ya P na R, Z ikawekwa mwisho wa 9, na mpango huo ukawa kanuni ya kimataifa ya ITU, ile inayoitwa E.161. Angalia vizuri kilichotokea: Q, herufi ambayo Kiswahili hakiitumii hata kidogo, ilisukuma S yetu nafasi moja nyuma. Tangu hapo tunalipa mbonyezo mmoja zaidi kwa ajili ya herufi isiyo yetu.

Hakuna aliyekaa mahali akasema tuwatese Waswahili. Hakuna aliyetufikiria tu.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. "Sasa" ni 4+1+4+1, yaani mibonyezo 10. X iko kwenye 9, nafasi ya pili, na Kiswahili hakina kazi nayo. "Xaxa" ni 2+1+2+1, mibonyezo 6. Umepunguza minne katika neno moja la herufi nne. "Vipi" ni 10, "vp" ni 4. "Si" ya mwanzo wa "sijui" ni 7, "c" ni 3. Nasikia wengine wakisema X ilikuwa mtindo tu, na ni kweli mtindo uliingia humo. Lakini mtindo ungeweza kuchagua herufi yoyote. Ulichagua ile ya bei nafuu, iliyokaa bila kazi.

Kulikuwa na gharama nyingine ambayo leo watoto wa simu za kugusa hawaijui: kungoja. Herufi mbili zikifuatana kwenye butoni moja, lazima usimame kidogo mpaka simu ikubali ile ya kwanza, ama ubonyeze mshale. Andika "mama": 6, 2, 6, 2, mibonyezo minne, hakuna kungoja. Andika "baba": yote iko kwenye 2, unangoja mara tatu. (Sisemi kitu juu ya nani alipata ujumbe mingi nyumbani.) "Tu" pia yote iko kwenye 8, unangoja. Njo maana watu waligandamiza 2 mpaka namba itoke, wakaandika "2taonana".

Hapa kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Ili 2 isomeke "tu" na C isomeke "si", lazima uwe unasoma Kiingereza. Sisi wa Fizi tulisoma kwa Kifaransa: C ni "sé", 2 ni "deux". Wenzetu wa Kifaransa waliandika "2m1" wakimaanisha demain. Kwa hiyo "cjui" iliingiaje huku? Mimi naamini njia moja kubwa ilikuwa ziwa. Tangu 1996 watu wetu wengi walikimbilia Kigoma, wakaishi Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia Oktoba 2005 HCR ikaanza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Walirudi na watoto, mabati, na Kiswahili cha Tanzania. Naona walirudi pia na namna ya kuandika. Simu moja ya kijana wa kwetu iliweza kubeba "2m1" na "2taonana" siku moja, na aliyesoma alijua 2 ipi ni ya Kifaransa na ipi ni ya ng'ambo.

Mtu atauliza: si kulikuwa T9? Ilikuwepo. Cliff Kushler na Martin King wa kampuni ya Tegic, huko Seattle, waliitengeneza katika miaka ya 1990: unabonyeza kila butoni mara moja tu, simu yenyewe inatafuta neno kwenye kamusi yake. Akili kubwa. Lakini kamusi ya nani? Simu nyingi zilizotufikia zilikuwa na Kifaransa na Kiingereza. "Sasa" ni 7272, na "papa" ni 7272 pia. "Pesa" ni 7372, na "sera" ya Kifaransa ni 7372 vilevile. Unamwandikia mjomba habari ya pesa, simu inamwambia "itakuwa". Hata kamusi ya Kiswahili ingehangaika, maana "kaka" na "lala" zote ni 5252. Wengi waliizima T9, wakarudi kuhesabu kwa kidole gumba.

Kuna mahali pamoja ambapo mashini ilitupendelea. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140, na kwa alfabeti ya GSM, inayotumia biti 7 kwa herufi, hiyo inatoa herufi 160. Ukiingiza herufi isiyo ndani ya alfabeti ile, kama ê ya Kifaransa, na simu ikiitunza jinsi ilivyo, nafasi inashuka mpaka 70. Kiswahili hakina kofia wala mkia. Tulikuwa na 160 zetu zote.

SMS ya kwanza duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth, kwenda simu ya Richard Jarvis wa Vodafone: salamu za Krismasi, zilizoandikwa kwenye kompyuta. Miaka 19 baadaye, tarehe 3 Desemba 2011, serikali yetu ilifunga SMS nchi nzima, siku chache baada ya uchaguzi wa 28 Novemba, ikisema inalinda amani. Ilikaa imefungwa zaidi ya wiki tatu. Huko Kinshasa viziwi walilalamika hadharani, juu kwao SMS njo ilikuwa simu yenyewe. Kwa upande wetu, fikirini mwaka ule nani Kazimia alikuwa na WhatsApp. Aliyekuwa na unite za kupiga alipiga. Asiyekuwa nazo alikaa kimya. Ilifungwa tena Januari 2015, na tena tarehe 31 Desemba 2018, mara hizo pamoja na intaneti.

Leo kwenye kioo S na X zina bei moja, mguso mmoja mmoja. Anayeandika "xaxa" kwenye simu ya kugusa anaandika kwa mazoea, na hapo walimu wana haki yao ya kusema. Lakini simu ya butoni haijaisha. Mahali ambapo umeme ni wa jua na kuchaji ni kulipa, simu inayokaa siku nyingi bila chaji ina akili kuliko ile ya kioo. M-Pesa, iliyoingia Congo mwaka 2012, inafunguliwa kwa *1122#, na hizo nyota na reli ziliongezwa kwenye simu za Marekani mwaka 1968, pesa ya simu ikiwa haijaota hata kwenye ndoto.

Wasomi wengi siku hizi tunatuma matangazo ya mbegu kwa picha ya WhatsApp, kisha tunasema wakulima hawajibu. Mimi kwa wamama wa mihogo natuma SMS, chini ya 160, "sasa" na "sawa" zikiwa kamili, juu kusoma hakuwagharimu kitu. Kujibu njo kunagharimu. Na jibu linarudi kutoka kwa mama mwenye wajukuu, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumwita kijana wa mtindo: "Xawa mwanangu, nimepata."