'Google': jina la kampuni lililogeuka kitenzi

Kitenzi cha Kiingereza 'google', ambacho ni cha mazungumzo zaidi kuliko maandishi rasmi, kina maana ya kutafuta habari kwenye intaneti kwa kutumia mtambo wa Google. Mtu huweza kugoogle bei ya saruji, njia ya kwenda harusini, au hata mchumba aliyemfahamu jana.

Asili yake ni 'googol', istilahi ya hisabati yenye maana ya 1 ikifuatwa na sifuri 100. Ilibuniwa na mtoto, Milton Sirotta, alipoombwa jina na mjomba wake, mwanahisabati wa Marekani Edward Kasner. Larry Page na Sergey Brin walilitwaa kwa tahajia nyingine, wakasajili kampuni Septemba 1998. Miezi miwili kabla, Page alikwisha kulitumia kama kitenzi katika barua pepe.

Kiingereza hakikuhitaji kiambishi chochote kulifanya jina hilo kitenzi. Lilichukuliwa lilivyo, kisha likaambikwa kama vitenzi vingine: 'googled' kwa wakati uliopita, 'googling' kwa tendo linaloendelea. Kiswahili ni kigumu zaidi. Kutokana na 'taifa' hatukupata 'kutaifa', bali 'kutaifisha'. Hata hivyo, wakazi wa mijini wamekitangulizia 'ku-' tu kitenzi hiki, jinsi 'kufikiri' na 'kusamehe' vilivyopokewa kutoka Kiarabu bila kulazimishwa kuishia na '-a'.

Mwaka 2006 kamusi za Oxford na Merriam-Webster zilikiingiza. Kampuni haikufurahi, mwaka huohuo iliviomba vyombo vya habari visikitumie ila kwa huduma yake. Hofu hiyo ina msingi, kwani alama ya biashara ikigeuka jina la bidhaa zote za aina yake, mwenyewe huweza kuipoteza. Nchini Marekani 'aspirini' ilipotea hivyo mwaka 1921. Nasi huingia dukani tukaomba 'Kolgeti', hali tunataka dawa yoyote ya meno.

Hatimaye shauri lilifika mahakamani. Mtu aliyesajili anwani 763 za tovuti zenye neno hilo alinyang'anywa, naye akadai kuwa sasa ni neno la umma. Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimkatalia: kutumika kama kitenzi pekee hakutoshi, hata kama msemaji 'amegoogle' kwa mtambo wa kampuni nyingine. Ilibidi athibitishe kwamba umma huiita kila mitambo ya kutafutia kwa jina hilo. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kulisikiliza shauri hilo.