Picha Kuukuu za Pwani ya Malindi na Kilifi: Tatizo la Kutambua Mahali, Wakati na Watu

1. Utangulizi

Picha kuukuu aghalabu huchukuliwa kuwa shahidi asiyesema uongo. Fikira hiyo ni kweli nusu tu. Kamera huonyesha kilichosimama mbele yake, lakini haisemi ni wapi, ni lini, wala ni nani. Mambo hayo matatu huandikwa kwa mkono wa mtu, pengine nyuma ya karatasi, pengine chini ya picha katika albamu, na mara nyingi miaka mingi baada ya safari kwisha. Kwa hiyo mtafiti anayeshika picha ya zamani ana mashahidi wawili mkononi mwake, yaani picha na maneno, na hapana budi awahoji wote wawili.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kutazama picha zilizopigwa na wasafiri, maofisa na watafiti waliopita kwa gari katika pwani ya Kilifi na Malindi, kisha wakavuka Mto Sabaki kuelekea Mambrui, Gongoni, Ngomeni na Marereni, au wakaingia bara kupitia Marafa na Kaloleni. Hoja yenyewe ni hii: alama za vitu zinaweza kutupa mwaka, lakini mahali na watu hupatikana kwa lugha ya wenyeji. Picha iliyokosa lugha hiyo huweza kuwadhuru wale iliowaonyesha.

2. Ushahidi wa vitu

Ni vyema kuanza na yale yaliyo rahisi. Msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alikabiliwa na hori tatu za bahari: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Penye Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, na daraja la sasa likachukua nafasi yake mwaka 1980. Kilifi ilivukwa kwa pantoni mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Picha inayoonyesha magari yakingoja pantoni chini ya mwamba wa Mnarani, basi, haikupigwa baada ya mwaka huo.

Hata hivyo, vivuko vya Mtwapa na Kilifi huchanganywa mara kwa mara katika albamu. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Wavushaji wa Mtwapa, waliovuta chombo kwa mikono huku wakiimba, walipata sifa kubwa miongoni mwa wageni, na kila pantoni ya pwani ikaelekea kupewa jina la Mtwapa. Mtazamaji na aangalie maji kabla ya kusoma maandishi: hori ya Kilifi ni pana, na ng'ambo yake ya kusini imeinuka juu, pale palipo magofu ya Mnarani.

Gari lenyewe pia ni ushahidi. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na magari ya mwanzo yalikuwa na taa zilizofichwa nyuma ya wavu wa mbele. Umbo la ubavu lilibadilika mwaka 1958, na mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye madigadi. Kibao cha namba husaidia vilevile, kwani ile herufi inayofuata tarakimu katika namba za Kenya iliongezwa mwaka 1989.

Kule Gedi, ukuta uliofunikwa na mizizi ya miti hutofautiana na ukuta uliosafishwa baada ya 1948, wakati James Kirkman alipoanza kazi yake ya uchimbuzi. Na katika ufuko wa Ngomeni, majukwaa ya Waitalia yaliyosimama baharini, ambako setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967 na ile iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, hayawezi kuonekana katika picha iliyotangulia miaka ya 1960.

Lakini tahadhari inahitajika. Kuwapo kwa kitu katika picha huthibitisha. Kutokuwapo kwake hakuthibitishi sana. Picha ya Ngomeni isiyo na majukwaa inaweza kuwa ya 1950, na inaweza pia kuwa ya 1975 iliyopigwa na mtu aliyeipa bahari kisogo. Hali kadhalika gari hutupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, wala si mwaka ambao haiwezi kuupita, maana Landrova hudumu barabarani kwa miongo mingi.

3. Ushahidi wa maneno

Maelezo ya picha nayo yana umri wake. Ghuba ambayo wenyeji huiita Ungwana iliandikwa Formosa katika ramani za kigeni. Mto unaoingia baharini kaskazini ya Malindi ni Sabaki. Juu zaidi huitwa Galana, neno ambalo katika Kioromo lina maana ya mto au maji mengi. Na juu zaidi tena ni Athi. Picha tatu zenye majina hayo matatu zimewahi kudhaniwa kuwa za mito mitatu, ilhali mto ni mmoja.

Watu nao walibadilishiwa majina. Katika maandishi ya kikoloni Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Waribe na ndugu zao waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina ambalo wao wenyewe hawakulipenda. Jina la Mijikenda lilishika nguvu katika miaka ya 1940. Maelezo yenye neno Mijikenda, basi, hayawezi kuwa yaliandikwa siku ya picha ikiwa picha ni ya 1910. Yupo mtu aliyeyaongeza baadaye, na mtafiti hana budi kuuliza huyo alijuaje.

Yapo pia maneno yanayomhadaa msomaji wa Kiswahili mwenyewe. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Mgiriama, kaya ni boma la kale lililomo msituni, mahali patakatifu. Kwa Mkatoliki, kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia. Katika nchi ya Wagiriama, kigango ni ubao uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa katika chama cha gohu. Mtunza maktaba anayetegemea kamusi peke yake anaweza kuiweka picha ya kigango katika jalada la makanisa.

Neno lenye madhara makubwa kuliko yote, hata hivyo, ni jangwa. Wasafiri waliopita kaskazini ya Sabaki waliona vilima vya mchanga vya Mambrui, mabwawa ya chumvi na vichaka vya miiba, wakaandika jangwa, au ufuko usio na watu. Bonde la Marafa, lenye nguzo za udongo mwekundu na mweupe, liliwapendeza zaidi, na katika picha isiyo na rangi huonekana kama nchi isiyopata mvua tangu kuumbwa. Wageni walilipa jina la jiko la jehanamu. Wenyeji huliita Nyari, na mashamba yao yako karibu na ukingo wake.

Tena, hata pale ambapo picha haina mtu kweli, utupu wenyewe una tarehe na sababu. Baada ya mapambano ya 1914, mwaka ambao pia Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, wakaacha mashamba yao yenye rutuba. Walirudi baadaye, lakini picha iliyopigwa katika miaka ile ingeonyesha nchi tupu. Kuiita nchi hiyo jangwa ni kuifanya amri ya dola ionekane kuwa kazi ya maumbile. Na jambo hilo halikwisha na ukoloni: mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisikiliza malalamiko ya wakazi wa Magarini kuhusu ardhi iliyochukuliwa na mashamba ya chumvi. Penye mashauri ya namna hiyo, ni muhimu sana kujua kama nchi ilikuwa na watu au haikuwa nao.

4. Picha ya 1985

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida ya picha iliyotambuliwa barabara. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja upande wa Kaloleni, akiwa amesimama kando ya vigango viwili vilivyowekwa kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Mtafiti aliporudi kumpa mzee nakala yake, aliambiwa kwamba vigango vimekwisha kuibwa.

Kigango hakisogezwi kikisha kusimamishwa. Familia ikihama, chenyewe hubaki mahali pake mpaka kioze, na kukiondoa ni kuwaudhi koma na kuwaletea walio hai maafa. Lakini katika maduka ya watalii na nchi za ng'ambo kilikuwa na jina jingine: kiliitwa sanamu, kikauzwa kama sanaa. Jina hilo jipya ndilo lililokiondoa katika ukoo na kukiingiza sokoni, kwa sababu sanamu ina mchongaji na mnunuzi, bali kigango kina jamaa.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Kigango cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Wataalamu hao wawili, pamoja na John Mitsanze, waliandika habari hiyo mwaka 2003 katika jarida la American Anthropologist. Hatimaye makumbusho yaliyohusika yakakubali kuvirudisha, na mwezi wa Juni 2007 kigango cha Illinois kikapokewa nyumbani kwa sherehe. Njia ikafunguka: mwaka 2023 Illinois State Museum ilirudisha vigango vingine 37 nchini Kenya.

Yafaa kuuliza kilichoipa picha ile uwezo huo. Maelfu ya vigango yamepigwa picha, na picha nyingi ni nzuri kuliko ile. Lakini nyingine huonyesha nakshi za pembetatu tu, bila boma, bila mwaka, bila jina la aliyewekewa. Picha ya 1985 ilikuwa na yote matatu: mahali palipojulikana, mwaka uliojulikana, na mtu aliyeweza kusema, hawa ni ndugu zangu. Kwa sababu hiyo ikawa hati ya kudai haki.

5. Hitimisho

Picha nyingi za pwani ya Malindi na Kilifi zimehifadhiwa mbali na pwani yenyewe. Mkusanyo wa Winterton, mathalani, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 mpaka 1960, uko Northwestern University, Marekani. Kazi ya kuzitambua haiwezi kukamilishwa na wajuzi wa magari na madaraja peke yao. Inahitaji wanaisimu watakaozirudisha picha Mambrui, Marafa na Kaloleni, waketi na wazee, na kuandika jina la kila kisima, kila kivuko na kila uso kama wenyeji wanavyolitamka, katika Kigiriama kwanza, kisha katika Kiswahili. Maelezo ya zamani yasifutwe, maana nayo ni sehemu ya historia; yawekwe kando ya yale mapya ili msomaji apime.

Kazi hiyo haifai kungoja. Karatasi ya picha ikitunzwa hudumu miaka mia na zaidi, lakini mzee anayemjua mtu aliyeshika kamba ya pantoni hadumu hivyo. Siku atakapofariki, picha itabaki na mwaka wake na gari lake, na mtu yule atakuwa mvushaji asiye na jina.